Kuandika Fanksheni Jeneriki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya vijana wanaokutana Jumamosi mchana huko Mwanga, mjini Kigoma, kujifunza lugha ya programu iitwayo Go, na kwa mtu mwingine yeyote anayehangaika na somo hilohilo akiwa peke yake. Maswali ni yale yaliyoulizwa darasani. Nimeyanyoosha lugha tu. Mifano mingi imetoka katika programu ndogo tunayoiandika pamoja, ambayo tumeiita daftari la mwalo: inarekodi dagaa na migebuka wanaoshushwa Kibirizi, pamoja na madumu ya mawese yanayosubiri kusafirishwa. Pale ambapo lugha nyingine, kama Java au Rust, inaonyesha jambo kwa uwazi zaidi kuliko Go, nimeitaja.

Fanksheni jeneriki ni nini, na inatatua tatizo gani?

Go hukagua aina za thamani kabla programu haijaendeshwa. Kompaila, yaani programu inayoukagua msimbo na kuugeuza uwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, hutaka kujua mapema kama kigeu kimebeba namba kamili, namba ya desimali au maandishi, na ikikuta umevichanganya hukataa kazi nzima palepale. Ukali huo hutuokoa na makosa mengi, lakini una usumbufu wake. Katika daftari letu tulihitaji kujua mzigo uliokuwa mkubwa kuliko yote katika siku. Dagaa hupimwa kwa kilo, kwa hiyo orodha yao ni ya desimali. Madumu huhesabiwa, kwa hiyo orodha yake ni ya namba kamili. Tukaandika hivi kwa ajili ya dagaa:

    func KubwaYaDagaa(orodha []float64) float64 {
        kubwa := orodha[0]
        for _, x := range orodha {
            if x > kubwa {
                kubwa = x
            }
        }
        return kubwa
    }

Kwa ajili ya madumu tukainakili fanksheni yote na kubadilisha neno moja tu, float64 likawa int. Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja alitaka jina la mtumbwi linalokuja mwisho kialfabeti, akainakili mara ya tatu na kuweka string. Tulikuwa na fanksheni tatu zenye mwili uleule, na tulipogundua kasoro katika mojawapo ilitubidi tuirekebishe mahali patatu. Fanksheni jeneriki ni ile inayoandikwa mara moja, ikaacha nafasi ya aina wazi, na nafasi hiyo ikajazwa na yule anayeiita. Nafasi hiyo huitwa kigezo cha aina, na kwa mazoea hupewa herufi T.

Kwa hiyo T maana yake ni "chochote"?

Hapana, na hapa ndipo karibu kila mwanafunzi hujikwaa, kwa hiyo nitalikalia swali hili kuliko mengine.

Fikiria dumu la lita ishirini likiwa jipya dukani. Halina jina la kilichomo. Linaweza kutiwa mawese, maji au mafuta ya taa, na aliyelitengeneza hakuhitaji kujua. Lakini siku ulipolitia mafuta ya taa, limekuwa dumu la mafuta ya taa, na hakuna mama lishe atakayekubali umpimie mawese kutoka humo. Uhuru ulikuwapo kabla ya kuchagua. Baada ya kuchagua kuna aina moja tu. T ni dumu jipya. Inasema: "Ipo aina moja, sijui ni ipi, lakini popote utakapoona T ndani ya fanksheni hii, ni ileile."

Tazama sahihi hii ya fanksheni, yaani mstari unaotaja jina lake, vinavyoingia na kinachotoka:

    func Chagua[T any](a, b T) T

Inapokea vitu viwili na kurudisha kimoja. Neno any lililo ndani ya mabano ya mraba linamaanisha kwamba aina yoyote inaruhusiwa kuchaguliwa. Halimaanishi kwamba a na b wanaweza kuwa wa aina mbili tofauti. Ukiiita kwa kuipa kigeu chenye namba na kigeu chenye maandishi, kompaila itakataa, kwa sababu T haiwezi kuwa namba na maandishi kwa wakati mmoja. Vilevile, ukiipa namba mbili kompaila inajua kwamba kitakachorudi ni namba, na unaweza kukijumlisha mara moja bila kuuliza.

Sasa ilinganishe na hii:

    func Chagua(a, b any) any

Hapa hakuna T. Kila nafasi ni "chochote" kivyake. Unaweza kuipa namba na maandishi pamoja, nayo ikapokea bila kulalamika, lakini kinachorudi hakina utambulisho: kompaila imesahau ulichoingiza, na ni lazima ukifungue mwenyewe na kuuliza ni nini, ukijua kwamba ukikisia vibaya programu inaweza kuanguka mikononi mwa mtumiaji. Fanksheni ya kwanza inatunza uhusiano kati ya kinachoingia na kinachotoka. Ya pili inaupoteza. Mtu akiniuliza faida ya jeneriki kwa sentensi moja, humjibu kwamba ni kutunza uhusiano huo. Kupunguza kunakili ni faida ya pili.

Mjanja mmoja darasani aliniambia kwamba anaweza kuandika Chagua[any] na kuchanganya vitu vyake. Ni kweli, kwa kuwa any yenyewe ni aina, na mwitaji ana haki ya kuichagua. Hata hapo T imekuwa kitu kimoja: imekuwa any kila mahali.

Kwa nini kompaila inakataa ninapoandika x > kubwa ndani ya fanksheni yenye [T any]?

Kwa sababu umeiahidi kompaila kwamba fanksheni yako itakubali aina yoyote, na si kila aina inaweza kuulizwa ipi ni kubwa. Kilo zinalinganishwa, maandishi yanalinganishwa kwa mpangilio wake, lakini rekodi nzima ya safari ya uvuvi, yenye jina la mtumbwi, saa ya kurudi na idadi ya taa, haina kubwa wala ndogo mpaka mtu aamue ni kwa kipimo kipi. Kompaila haisubiri mtu aje aiite fanksheni yako kwa rekodi kama hiyo. Inakagua mwili wa fanksheni wenyewe na kusema kwamba T haina ruhusa ya kutumia alama hiyo.

Dawa ni kuweka sharti. Sharti hupunguza aina zinazoruhusiwa, na kwa kupunguza huko huongeza mambo ambayo fanksheni inaweza kuyafanya. Tangu toleo la 1.21 la mwaka 2023, Go inakuja na kifurushi cha cmp chenye sharti liitwalo Ordered, linalokubali namba kamili, namba za desimali na maandishi:

    func KubwaZaidi[T cmp.Ordered](orodha []T) (T, bool) {
        var kubwa T
        if len(orodha) == 0 {
            return kubwa, false
        }
        kubwa = orodha[0]
        for _, x := range orodha[1:] {
            if x > kubwa {
                kubwa = x
            }
        }
        return kubwa, true
    }

Ni vizuri kuliona jambo hili kama mizani. Upande mmoja yupo mwitaji, anayetaka uhuru wa kuleta aina yake yoyote. Upande wa pili upo mwili wa fanksheni, unaotaka kuijua aina hiyo ili uweze kufanya kazi. Ukiandika any, umempa mwitaji kila kitu na mwili wa fanksheni karibu umebaki mikono mitupu: unaweza kuipokea thamani, kuihamisha, kuiweka kwenye orodha na kuirudisha, basi. Lipo sharti jingine, comparable, linaloruhusu kuuliza tu kama vitu viwili ni sawa au si sawa, na ndilo linalotakiwa kwa funguo za ramani (map), yaani jedwali ambalo kila thamani hutafutwa kwa ufunguo wake. Chagua sharti dogo kabisa linalotosha kazi yako.

Unyonge huo wa any una manufaa yake. Fanksheni inayopokea orodha ya T na kurudisha orodha ya T, bila sharti lolote, haiwezi kutunga T mpya zenye maana, kwa sababu haijui T ni nini. Inaweza tu kupanga upya, kuacha au kurudia zile ilizopewa, au kuweka thamani tupu. Umejua mengi kuihusu kabla hujasoma mstari hata mmoja wa mwili wake. Mwaka 1989 Philip Wadler aliandika makala kuhusu kanuni za namna hii, ambazo mtu hupata bila gharama kwa kutazama aina peke yake. Katika Go kanuni hizo hazishiki kikamilifu, kwa kuwa kuna mlango wa nyuma wa kuuliza aina wakati programu inaendeshwa, lakini anayeandika fanksheni ya heshima haupiti mlango huo.

Kwa nini fanksheni yako inarudisha vitu viwili, T na bool (ndiyo au siyo)?

Kwa sababu ya mbalamwezi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta mpaka juu ya wavu. Siku za mwezi mpevu anga lote lina mwanga, taa hazina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika. Toleo letu la kwanza la fanksheni lilichukua orodha[0] bila kuuliza. Siku ya kwanza isiyo na mzigo orodha ilikuwa tupu, na programu ikaanguka.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza turudishe sifuri orodha ikiwa tupu. Pendekezo hilo lina matatizo mawili. La kwanza ni la kompaila: ndani ya fanksheni jeneriki huwezi kuandika return 0, kwa sababu T huenda ikawa maandishi, na sifuri si maandishi. Njia sahihi ni kutangaza kigeu cha aina T bila kukipa thamani, kama tulivyofanya kwa var kubwa T. Go hukijaza thamani tupu ya aina hiyo, yaani sifuri kwa namba na maandishi matupu kwa string. La pili ni la maana: kilo sifuri na "hawakwenda ziwani" ni habari mbili tofauti. Mtumbwi uliotoka na kurudi mtupu umekula mafuta. Mtumbwi uliobaki ufukweni haukula. Ndiyo maana tunarudisha bool pamoja na thamani, ili anayepokea aulize kwanza kama kuna jibu.

Kwa taarifa tu, Go yenyewe ina slices.Max tangu toleo hilohilo la 1.21, nayo huiangusha programu ikipewa orodha tupu. Ni uamuzi wao, na una hoja zake, lakini kwa daftari la mwalo haukutufaa.

Alama ~ ndani ya sharti inafanya kazi gani?

Tulitaka kompaila ituzuie tusijumlishe kilo na lita, kosa ambalo mtu aliyechoka hulifanya kirahisi. Dumu la lita ishirini la mawese lina uzito wa takriban kilo 18, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo kosa hilo haligunduliki kwa macho. Hesabu hutoka ikiwa imepotoka kidogo tu, na hilo ndilo baya zaidi. Tukatangaza aina zetu wenyewe:

    type Kilo float64
    type Lita float64

Sasa Kilo na Lita zote zimejengwa juu ya float64, lakini kompaila inaziona kama watu wawili tofauti na haikubali zijumlishwe. Kisha tukaandika fanksheni ya jumla:

    type Namba interface {
        ~int | ~int64 | ~float64
    }

    func Jumla[N Namba](orodha []N) N {
        var jumla N
        for _, x := range orodha {
            jumla += x
        }
        return jumla
    }

Kama sharti lingesema float64 pasipo alama hiyo, lingekubali float64 yenyewe tu, na Kilo ingekataliwa mlangoni. Alama ~ inasema: "Aina hii, pamoja na kila aina iliyojengwa juu yake." Angalia pia kinachorudi. Jumla ya orodha ya Kilo ni Kilo, si float64 iliyovuliwa jina lake. Uhusiano umetunzwa.

Je, ni lazima niandike aina kwenye mabano kila ninapoiita fanksheni?

Mara nyingi si lazima. Kompaila hutazama hoja, yaani thamani ulizoipa fanksheni, na kujaza T yenyewe: Jumla(mizigo) inatosha. Inashindwa pale T inapotokea katika kinachorudishwa tu na haionekani kwenye chochote kinachoingia. Hapo utaiandika, kwa mfano Soma[Kilo](mstari).

Kama mgebuka ni samaki, kwa nini orodha ya migebuka si orodha ya samaki?

Swali hili liliulizwa na dada aliyejifunza Java kabla ya kujiunga nasi, na ni swali zuri kuliko linavyoonekana.

Chukua beseni la migebuka. Anayetaka tu kuchungulia na kutoa hana neno: kila atakachokitoa ni mgebuka, na kila mgebuka ni samaki. Lakini mkabidhi beseni hilo mtu aliyeambiwa kwamba ni "beseni la samaki", naye atatia kuhe ndani yake bila hatia yoyote, kwa sababu kuhe naye ni samaki. Ukirudi, beseni lako la migebuka lina kuhe, na mnunuzi aliyelipia migebuka mitupu atakugombeza wewe. Kwa hiyo chombo cha kutoa kinaweza kulegezwa upande mmoja, lakini chombo kinachotolewa na kutiwa hakiwezi kulegezwa hata kidogo.

Java ina historia ya kufundisha katika jambo hili. Safu zake (arrays) za tangu mwanzo zinaruhusu ulegevu huo:

    Samaki[] beseni = new Migebuka[3];
    beseni[0] = new Kuhe();

Mistari hii miwili inapita kwa kompaila bila shida, kisha mstari wa pili unaanguka programu inapoendeshwa, kwa kosa liitwalo ArrayStoreException. Jeneriki zilipoingia Java mwaka 2004, katika toleo la 5, waliziba mwanya huo: List<Migebuka> haikubaliki mahali panapotakiwa List<Samaki>. Atakayetaka kusoma tu bila kutia ataandika List<? extends Samaki>, na kompaila itamruhusu kutoa lakini si kutia. Go imechagua njia fupi zaidi. Orodha ya aina moja si orodha ya aina nyingine, basi, na kama unahitaji kubadilisha unapita kitu kimoja kimoja.

Nitumie intafesi au jeneriki?

Intafesi ni orodha ya mbinu, yaani fanksheni zilizofungwa kwenye aina, ambazo thamani inatakiwa iwe nazo. Jiulize kama fanksheni inahitaji kukumbuka aina. Ikiwa kazi yake ni kuiita mbinu fulani ya thamani na kumaliza, kwa mfano kuchapisha risiti ya kitu chochote chenye mbinu ya Risiti, intafesi inatosha na inasomeka vizuri zaidi. Ikiwa aina inayoingia inatakiwa itoke ileile, au hoja mbili zinatakiwa ziwe za aina moja, au unajenga chombo cha kuhifadhia vitu, hapo tumia jeneriki. Kipimo changu cha haraka ni kuhesabu T katika sahihi ya fanksheni. Ikionekana mara moja tu, kwa kawaida haikuhitajika.

Je, jeneriki huifanya programu iwe nzito?

Inategemea lugha, na njia zilizopo zinaeleweka kirahisi kwa mfano wa fundi cherehani. Rust na C++ hushona nguo mpya kwa kila mteja: kila aina unayoitumia inapata nakala yake ya fanksheni, iliyokatwa kwa vipimo vyake. Nguo inakaa sawasawa, programu inakwenda kasi, lakini kushona kunachukua muda na kabati linajaa. Java hushona kanzu moja pana inayomtosha kila mtu. Baada ya ukaguzi, kompaila hufuta aina, na wakati wa kuendeshwa inabaki fanksheni moja inayoshughulika na vitu kwa ujumla. Ndiyo sababu katika Java huwezi kuandika List<int> na unalazimika kutumia Integer, wala huwezi kuiuliza orodha inayoendeshwa kama ilikuwa ya maandishi au ya namba. Go iko katikati. Aina zenye umbo moja katika kumbukumbu hushirikiana nakala moja, pamoja na kijitabu cha maelezo kinachopitishwa kwa siri ili fanksheni ijue inamhudumia nani. Kilo na Lita zetu zinavaa nguo moja na float64.

Kwa daftari lenye mistari mia chache kwa siku, tofauti hizi hutaziona kamwe. Andika kinachosomeka.

Wazo hili lilitoka wapi, na kwa nini vitabu vingine vya Go havilitaji?

Ni wazo la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Christopher Strachey alilizungumzia katika mihadhara yake ya mwaka 1967. Robin Milner, akiwa Edinburgh, alilijenga ndani ya lugha ya ML na kuchapisha nadharia yake mwaka 1978. Katika miaka ya 1970 hiyohiyo Barbara Liskov na wenzake wa MIT waliweka vigezo vya aina katika lugha ya CLU. Baadaye likaja katika Ada, C++, kisha Java mwaka 2004 na C# mwaka 2005.

Go ilitangazwa mwaka 2009, toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2012, na jeneriki zikaingia Machi 2022 katika toleo la 1.18. Kwa hiyo kitabu au somo lolote la Go la kabla ya hapo litakufundisha kunakili fanksheni au kutumia interface{} kila mahali, na hilo halikuwa kosa la mwandishi. Interface{} ndiyo any ya leo; ni jina tu lililofupishwa katika toleo hilohilo. Tazama tarehe ya kitabu kabla hujaanza kubishana nacho.

Ni lini nisitumie jeneriki?

Wakati una nakala moja tu. Nikiwa na mbili huvumilia. Ya tatu inapokuja ndipo ninapofungua faili jipya, kwa sababu nakala tatu zinanionyesha ni kipi kinachobadilika kweli na kipi kinafanana kwa bahati tu.

Ninalisema hili nikiwa nimeungua. Nilipozijua jeneriki kwa mara ya kwanza nilimwandikia ndugu yangu anayeuza samaki programu ya hesabu, nikaweka fanksheni moja yenye vigezo vinne vya aina, iliyoweza kuchuja, kupanga, kujumlisha na kuchapa kitu chochote ulimwenguni. Nilijivunia sana. Miezi mitano baadaye aliomba nimwongezee safu ya punguzo la bei, nami nilikaa jioni mbili nikijaribu kuelewa K na V zangu zilimaanisha nini. Mwishowe niliifuta yote na kuandika fanksheni tano za kawaida, kila moja ikiwa na jina la kazi yake. Hakuna aliyewahi kuhitaji ile ya ulimwengu mzima; samaki walikuwa wale wale, na bei ilikuwa shilingi.

Ujumbe wa makosa ni mrefu na unanitisha. Niusome vipi?

Tafuta kwanza unaelekeza mstari upi, kwa kuwa makosa ya jeneriki hutokea mahali pawili tofauti. Kama ni ndani ya mwili wa fanksheni, mwandishi wa fanksheni ametumia uwezo ambao sharti halikumpa: amelinganisha, amejumlisha au ameita mbinu isiyoahidiwa. Dawa ni kubana sharti au kuacha kitendo hicho. Kama ni mahali fanksheni inapoitwa, mwitaji ameleta aina isiyotimiza sharti, na ujumbe utasema kwamba aina fulani haitoshelezi sharti fulani. Dawa ni kubadilisha kinacholetwa. Ukishajua kosa ni la upande gani, sehemu iliyobaki ya ujumbe hupungua ukali.

Nifanye mazoezi gani, hasa nikiwa sina intaneti ya uhakika?

Go ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji mtandao ili kukompaili na kuendesha programu zinazotumia maktaba yake yenyewe, na maelezo ya maktaba hiyo yamo humohumo: andika go doc slices kwenye terminali uone. Kifurushi hicho kimejaa fanksheni jeneriki zilizoandikwa na mabingwa, na kusoma sahihi zake tu, bila miili, ni zoezi tosha la jioni moja. Asiye na kompyuta anaweza kuweka Go kwenye simu ya Android kupitia Termux, programu inayoipa simu terminali. Vidole vitauma, lakini inafanya kazi.

Usianze na kitu chenye T. Andika Chuja kwa orodha ya Kilo pekee, ukiondoa mizigo iliyo chini ya kiwango fulani, na uijaribu mpaka ikubali. Kisha ondoa neno Kilo, weka T, na uone kompaila inalalamika wapi. Kila lalamiko linakueleza sharti gani lilikuwa limejificha katika msimbo wako. Baadaye nenda kwenye vigezo viwili:

    func Badilisha[A, B any](orodha []A, f func(A) B) []B

Kabla ya kuandika mwili wake, isome sahihi hiyo kwa sauti: nipe orodha ya A, na njia ya kuigeuza A moja kuwa B moja, nami nitakurudishia orodha ya B. Hakuna pahala pengine ambapo B inaweza kutoka isipokuwa kwenye f au kwenye thamani tupu, kwa hiyo mwili karibu unajiandika wenyewe. Ukiumaliza, itumie kugeuza orodha ya Lita za mawese kuwa orodha ya Kilo, kisha uipitishe kwenye Jumla. Zoezi la mwisho tunalowapa wanafunzi ni Kusanya, inayopanga rekodi katika mafungu kwa ufunguo wowote, iwe jina la mtumbwi au tarehe. Sahihi yake ni hii, na ni juu yako kueleza kwa nini K ina comparable lakini T imeachwa na any:

    func Kusanya[T any, K comparable](orodha []T, ufunguo func(T) K) map[K][]T